Mashine ya Rabia Imenyamaza

Kijiwe chetu kiko Kasulu mjini, kwenye kona ambapo magari ya vijijini hupakia abiria. Benchi limeegemea ukuta wa saluni yangu, kwa hiyo mimi Nurudini kinyozi, hata nikiwa na kichwa cha mtu mkononi, masikio yangu yako nje. Kahawa ni ya Tunu, chungu na ya moto, na kashata zake zinavunja meno ya waongo. Wakazi wa kudumu ni watatu. Kuna Khamisi, tunayemwita Dizeli, maana miaka mingi amewauzia mafuta wenye mashine za kusaga na wenye majenereta. Kuna Castory, fundi wa kuchomelea, tunayemwita Volti. Na kuna Mwalimu Sylvesta wa jiografia, aliyeletwa na serikali kutoka Musoma, ambaye hawezi kukuambia habari za asubuhi bila asilimia, kwa hiyo jina lake ni Takwimu. Jumamosi hiyo kulikuwa na kaubaridi ka milimani, jua limechomoza vizuri, na Dizeli akaja na uso kama aliyefiwa.

— Imeng'olewa, akasema kabla hajakaa.

— Nini tena? Jino? akauliza Volti.

— Injini ya Rabia wa Nyakitonto. Imeng'olewa jumla. Wamempandishia vioo juu ya bati, eti jua limsagie muhogo.

Volti aliruka juu hadi benchi likatikisika.

— Weee! Tunu, nipe kahawa nyingine, leo ni sikukuu! Nyakitonto wamenikosha kinoma!

— Sikukuu ya nani? Dizeli akang'aka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa jua liko juu. Utainama wapi?

— Methali hiyo umeiegesha vibaya, Mzee Khamisi, akasema Mwalimu.

— Iache hapohapo ilipoegeshwa. Nawaambia haitasaga. Muhogo si nywele za mtu. Unataka nguvu, unataka injini inayoguna. Jua linakausha tu, halisagi.

Kwa asiyemjua, huyo Rabia ni mjane. Mumewe alimwachia mashine ya kusaga, na mama yule badala ya kuiuza alijifunga kanga kiunoni akaiendesha mwenyewe. Kila Alhamisi Dizeli alikuwa akipakia madumu kwenye pikapu lake bovu na kumpelekea mafuta. Masika barabara inateleza kama sabuni, anakwenda. Kiangazi vumbi linamgeuza mzungu mwekundu, anakwenda. Tulidhani ni biashara.

— Na siku za mawingu je? Dizeli akaendelea, akinyoosha kidole angani. Dalili ya mvua ni mawingu! Siku hiyo watu wa Nyakitonto watakula nini? Watalamba vioo?

— Siku za mawingu, Volti akajibu, muhogo uko juu ya jamvi, haujakauka. Nani atapeleka muhogo mbichi mashineni? Jua likitoka linakausha muhogo, halafu hilohilo linausaga. Fundi mmoja, kazi mbili.

Dizeli akanywa kahawa ikamuunguza.

Mwalimu aliona nafasi yake. Akaokota kijiti, akachora mlima mkubwa kwenye vumbi.

— Tazameni hapa. Huu ni uchumi na moshi. Nchi maskini inaanzia huku chini. Ikianza kukua inapanda: viwanda, magari, majenereta, na moshi unapanda nao. Hewa ukaa inajaa angani, dunia inapata homa. Ikifika kileleni imeshatajirika, sasa inauonea haya moshi wake, inanunua mitambo safi, inashuka upande wa pili. Pesa juu, moshi chini. Wasomi wenyewe bado wanaubishania mlima huu, lakini mchoro wake ndio huo.

— Sisi tuko wapi? akauliza Dizeli.

Mwalimu akagusa mwanzo kabisa wa mlima.

— Hapa. Kwenye kisigino.

— Haa! Mmemsikia? Dizeli akasimama. Kwenye kisigino! Wenzetu wamepanda kwa dizeli, wamefika juu wanapunga upepo, halafu wanatupigia kelele huku chini: msiwashe injini, mnachafua hewa! Kwani hewa walianza kuivuta jana? Mwacheni Rabia apande mlima kwa dizeli kama walivyopanda wao. Akifika kileleni ndipo aweke vioo. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Nakiri hapo mkono wangu ulisimama kunyoa. Hoja ilikuwa na uzito, hata Mwalimu alikuna kidevu. Lakini Volti alishachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye ule mlima wa vumbi, akautoboa upande mmoja hadi wa pili.

— Nani kasema lazima tupande? Treni ya umeme ikifika milima ya Kilosa inapanda? Inatoboa! Huku umeingia maskini, kule umetoka tajiri, kileleni hujafika na moshi hujauona. Sisi tunapita handakini, mzee baba!

— Handaki lina giza, akasema Dizeli.

— Ndiyo maana tuna umeme!

Benchi zima likalipuka. Tunu alicheka hadi akamwagia kahawa pembeni ya kikombe. Hata mteja wangu, mwenye kichwa kilichonyolewa nusu, alitoka mlangoni na shuka shingoni akapiga makofi.

Volti alipoona ameshangiliwa, hakushikika.

— Mimi mwenyewe ni ushahidi. Zamani nachomelea kwa jenereta, faida yote linakunywa lenyewe, jioni naenda nyumbani na masizi tu. Umeme wa gridi umefika, nachomelea mageti, vitanda, mikokoteni, nimechukua na mafundi. Huo si uchumi? Na moshi wangu uko wapi? Haupo! Sasa nasikia kuna watu ng'ambo wananunua moshi ambao hukuutoa.

— Wananunua nini? Tunu akauliza.

— Moshi ambao hukuutoa. Si ndiyo, Mwalimu?

— Kuna biashara ya hewa ukaa, ndiyo, ila si kama...

— Umesikia! Basi mimi nina ghala zima la moshi ambao sikuutoa. Miaka yote hii! Nakusanya, nafunga, nauza.

— Kama ni hivyo, akasema Dizeli, na mimi nauza dizeli ambayo sikuiuza. Mapipa yangu yamejaa hiyo tu.

Tukacheka tena, lakini yeye hakucheka sana. Akazungusha kikombe mkononi.

— Nyie mnasema uchumi umekua. Sawa, umekua. Gesti wamezima majenereta, wachomeleaji wamezima, mashine za mjini zimehamia umeme. Lakini ulipokuwa unakua ulinikanyaga mimi. Mwalimu, kwenye mlima wako huo, aliyekuwa anauza mafuta njiani umemchora wapi?

Mwalimu akatazama mchoro wake. Hakuwa amemchora.

— Uza betri, akasema kwa sauti ya chini. Au nyaya.

— Mimi sijui betri. Mimi najua dizeli. Tena naona hivi vioo vina jambo. Vinanyonya jua mchana kutwa, sivyo? Jua likinyonywa sana linapoa. Likipoa, mvua inachanganyikiwa haijui inyeshe lini. Si mmeona mwaka jana maharage yalivyopotea? Penye moshi pana moto, lakini penye kioo pana ukame!

— Hiyo methali umeitunga sasa hivi, akasema Tunu.

— Na iko sawa!

— Haiko sawa! Mwalimu akadakia, na hapo ndipo mtu tuliyemtegemea kwa akili akachomoka breki. Ni kinyume chake! Sikilizeni mnyororo. Rabia akiacha dizeli, hewa inapoa. Hewa ikipoa, ziwa linapoa. Ziwa Tanganyika likipoa, dagaa wanaongezeka. Dagaa wakiongezeka, mtoto anashiba. Mtoto akishiba, anafaulu hesabu. Akifaulu hesabu anakuwa mhandisi, anatengeneza vioo vingine, hewa inapoa tena!

— Kwa hiyo muhogo wa Nyakitonto unafaulisha hesabu? nikamuuliza kutoka mlangoni.

— Kinadharia, Nurudini! Kinadharia!

— Na jua litakalobaki, Volti akapaza sauti, tunawauzia Bujumbura! Tunapitisha waya Manyovu, unavuka mpaka huo! Halafu Kigali! Halafu Ulaya wakati wa baridi yao! Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na sisi upwa wetu ni bati!

Kelele zikawa za uwanja wa mpira. Wapita njia walisimama wakidhani kuna mtu kakamatwa. Ni Tunu peke yake aliyekuwa kimya. Alikuwa anamwangalia Dizeli kwa jicho la upande, kama anayepima sukari.

— Mzee Khamisi, akasema. Niulize kitu?

— Uliza.

— Gesti zilipohama hukusema neno. Mashine za mjini zilipohama ulikunywa kahawa yako ukaaga. Kasulu nzima imekuacha na mapipa yako na sijawahi kukuona na uso huu. Leo ni mashine moja tu, tena ya kijijini, inayonunua madumu mawili matatu. Ndiyo imekunyima usingizi?

Dizeli akavuta kofia yake ya vito mbele, kisha akairudisha nyuma.

— Mteja ni mteja, akasema.

— Haya.

— Namhurumia tu. Mtu amedanganywa. Hebu nimjue fundi aliyemwekea hayo mavioo. Chuma cha kushikilia yale mavioo juu ya bati, nani alikichomelea? Mtu gani asiye na huruma?

Hapo Volti, aliyekuwa anatabiri mpaka Ulaya, alikumbuka ghafla kwamba kiatu chake kina kamba.

— Volti?

— Naam.

— Tazama huku.

— Kaka, yule mama alikuja kwangu na kazi. Kazi ni kazi.

— Wewe? Wewe tunayekaa benchi moja? Ulijua tangu lini?

— Alisema nisiseme. Alisema atakuambia mwenyewe Alhamisi ukifika.

— Alhamisi nilifika! Dizeli akafoka, na sauti yake ikapasuka katikati. Nilifika juu pale kwenye kona ya barabara. Nikaona bati linang'aa. Nikasikiliza, sikusikia injini. Nikageuza gari.

— Hukuteremka? akauliza Mwalimu.

— Niteremke nikafanye nini? Na madumu yangu? Niseme nimeleta nini?

Akakiweka kikombe chini, kahawa imebaki nusu, akampa Volti mgongo. Benchi fupi namna ile, kumpa mtu mgongo ni kazi, lakini aliweza. Volti akajaribu kumshika bega, akakwepwa. Mimi nikarudi kwa mteja wangu nikijifanya natafuta kitana. Miaka yote sijaona wale wawili wakikaa hivyo, na niliogopa kweli kwamba kijiwe kimekufa asubuhi ile mbele yangu.

Ndipo bodaboda ikasimama.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mtandio wa kijani, na mfuko wa unga ameukumbatia kama mtoto. Akamruhusu bodaboda aondoke, akasogea taratibu akitusoma nyuso. Sikuwahi kumwona, lakini Volti alisimama wima kama mwanafunzi, nikajua ni Rabia.

— Mwakeye, akatusalimu Kiha, kisha akaongeza kwa Kiswahili: Asalamu alaikumu.

Tukaitikia wote kwa mkanganyiko. Dizeli alikuwa bado amekipa mgongo kijiwe. Nilimwona shingo inavyokakamaa.

— Fundi Castory, hujambo? Fremu yako imekaa imara. Huu ni unga wa kwanza kusagwa. Nimewaletea.

Akafungua mfuko. Tukainamia wote. Ulikuwa mweupe, laini kama poda, na Tunu aliuchota kwa vidole akanusa.

— Hauna harufu ya mafuta, akasema kwa mshangao.

— Hauna, Rabia akasema, na uso wake ukachanua. Na si unga tu. Jamani, hamjui! Nimekaa na ile injini miaka yote, inaunguruma kutwa, moshi umejaa chumbani, jioni nikikohoa natoa nyeusi. Masikio yangu yalishazoea kuwa kama ya jiwe. Juzi nimewasha mpya, inavuma tu kama nyuki. Nikasikia watu! Wanawake wamepanga foleni wanaongea, na mimi nasikia! Kumbe miaka yote wananisema mbele yangu, hawajui kama sasa sauti zao zinanifikia!

Tunu akashika kiuno kwa kicheko.

— Wanasemaje?

— Weee, acha! Nimejua nani anadaiwa kuku na nani kamkataa mchumba. Ila tatizo moja: zamani injini ikiguna, kijiji kizima kinajua Rabia amefungua. Sasa kimya, watu wakadhani nimefunga. Nimetundika kanga nyekundu kwenye mti mrefu, ndiyo wanakuja.

Mwalimu alikuwa amesahau takwimu zake zote, ametoa macho anacheka kama mtoto. Volti anajipiga kifua: "Fremu yangu hiyo! Fremu yangu!" Kila mtu alikuwa anaongea. Rabia akauacha mfuko mikononi mwa Tunu, akazunguka benchi mpaka mbele ya Dizeli. Kelele zikaisha zenyewe.

— Baba Asmahani, akasema, akimwita kwa jina la binti yake. Hukunisalimu.

— Salama, Bi Rabia, akajibu Dizeli akitazama viatu vyake. Hongera ya mashine.

— Ahsante. Alhamisi nilikuwekea uji.

Dizeli akainama, akakung'uta vumbi kiatuni.

— Nimekuambia sasa nasikia. Zamani nilikuwa siwezi kujua umefika, injini inaunguruma, nageuka nakukuta umesimama mlangoni na dumu. Sasa nasikia kila gari linalopita barabarani. Alhamisi nililisikia lako. Nililijua kwa kikohozi chake. Likafika pale kwenye kona, likasimama, likageuka.

Ukisikia watu wanasema upepo ulisimama, ndiyo hiyo.

— Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, akaendelea Rabia, na sauti yake haikutetemeka ingawa vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya mtandio. Miaka yote ile, ulikuwa unaleta dizeli tu?

Nikatazama benchi langu. Volti, mwenye neno kwa kila jambo, anafunga tena kamba ya kiatu. Mwalimu ana kijiti mkononi, hana mchoro. Dizeli aliinua uso. Midomo ikacheza, haikutoa kitu. Watu hawa asubuhi hiyohiyo walikuwa wamepoza ziwa zima na kuvusha jua mpaka Ulaya, na swali la mwanamke mmoja limewakalisha chini wote.

Mwisho Dizeli akasimama. Akapapasa mfukoni, akatoa funguo.

— Umekuja na bodaboda?

— Ameondoka.

— Watu watakusubiri mashineni.

— Jua likiwa juu nataka niwe nimefika.

— Basi twende.

Wakavuka kwenda kwenye pikapu. Akamfungulia mlango, akakifuta kiti kwa kofia yake ya vito, kofia ile ambayo hatujawahi kuruhusiwa hata kuigusa. Akapanda upande wake, akazungusha ufunguo. Pikapu likalia nyi-nyi-nyi, likanyamaza. Akazungusha tena. Nyi-nyi, kimya.

— Aibu hii! Volti akapiga kelele. Hamuoni? Sukumeni!

Tukaruka. Volti alikuwa wa kwanza, bega kwenye bodi. Mwalimu akatupa kijiti, tai ikaning'inia begani. Tunu aliliacha birika likichemka. Mimi nilitoka na mashine ya kunyolea mkononi, na mteja wangu nusu-kipara naye akaja mbio, shuka linapepea. Moja, mbili, hayaa! Pikapu likasogea. Moja, mbili, hayaa! Tukaliingiza kwenye mteremko tunapiga kelele kama tumefunga goli, na mara likakohoa, likashika, likatutapikia moshi mweusi usoni sote watano.

— Huo moshi, akasema Mwalimu huku akikohoa machozi yakimtoka, huo moshi, kwa kila lita moja ya...

— Mwalimu! tukamkemea kwa pamoja.

Akacheka. Akapiga makofi kuliko wote.

Kabla ya kona Dizeli alipunguza mwendo. Kupitia kioo cha nyuma tulimwona amemgeukia Rabia, na midomo yake, ile iliyoshindwa pale benchini, ikasema kitu. Si kirefu. Injini ilikuwa inanguruma, sisi hatukupata hata herufi. Ila Rabia alifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko, kisha wakapinda kona.

Alhamisi iliyofuata pikapu lilikwenda Nyakitonto likiwa halina dumu hata moja nyuma, tukalihesabu hilo kuwa jibu. Lakini maneno yenyewe aliyosema pale kwenye mteremko hatuyajui mpaka leo. Volti anaapa alisema "si dizeli tu." Mwalimu anasema kwa umbo la mdomo lazima ilikuwa ahadi. Tunu anasema sote ni wajinga, aliomba msamaha. Dizeli mwenyewe ukimuuliza anakunywa kahawa, anatazama juani, anatabasamu.